Asumini yangu imejaa majani, maua hakuna. Wajuzi wa mimea karibuni

#1 MamaNuru_Tabata
Habari za jioni wanabustani. Nina asumini kwenye ndoo kubwa ya plastiki, ipo kibarazani kwangu Tabata, Dar. Mche niliununua kwa wauza miche wa barabarani mwaka juzi. Majani yamenona, yanang'aa, na matawi yamerefuka mpaka yanajizungusha kwenye nondo za dirisha. Maua sasa! Mwaka jana kwenye joto la Januari yalitoka machache. Mwaka huu joto limepita, masika yamepita, kipupwe nacho kinaishia, hata tumba moja sijaliona. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ana shina moja ardhini, wala simwoni akilishughulikia, lakini ikifika saa moja usiku harufu inatufikia hadi sebuleni. Mimi namwagilia kila siku na kila mwezi naweka samadi ya kuku. Mwuza miche ameniambia mmea wangu ni dume. Asumini ina dume na jike kweli? Kama haina, ni nini kinaizuia?

#2 KitaluChaMzee
Amekupotosha. Mpapai ndio wenye dume na jike. Ua la asumini lina sehemu zote mbili ndani yake, na hata hivyo kuiona imefunga mbegu ni nadra sana. Watu wanaizalisha kwa vipandikizi, kwa hiyo mche wako ni kipande cha mti mwingine. Tatizo umelitaja mwenyewe: samadi ya kuku kila mwezi. Ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na naitrojeni ndiyo inayosukuma majani. Simamisha. Ukitaka kulisha, tafuta mbolea yenye potasiamu na fosforasi kwa wingi, weka kidogo sana, umwagilie.

#3 Mkulima_Unguja
Kwenye dume na jike namuunga mkono #2. Kwenye samadi hapana. Huku kwetu shina la asumini linamwagiwa samadi, maji ya kuoshea samaki, majivu, kila kinachotoka jikoni, na linachanua. Swali la kwanza siku zote ni jua. Asumini inataka jua la moja kwa moja, masaa sita au zaidi kwa siku. Kivulini haifi, inarefuka tu ikitafuta mwanga. Hayo matawi yanayojizungusha kwenye nondo ndiyo dalili yenyewe. Mama Nuru, kibaraza kinatazama wapi?

#4 MamaNuru_Tabata
Ahsanteni. Kinatazama mashariki. Zamani jua lilikuwa linaingia tangu asubuhi, lakini jirani wa mbele amepandisha ghorofa, kwa hiyo linachomoza juu ya paa lake kama saa tatu hivi. Saa sita paa letu wenyewe linaweka kivuli.

#5 Chaku_wa_Ilala
Ghorofa limepanda, maua yamepotea. Kesi imekwisha, mwenye ghorofa alipe fidia ya harufu.

#6 BintiKibokoni
Subiri kwanza, Chaku. Mimi ni wa Mombasa, mwasumini nimeukuta nyumbani na nitauacha nyumbani. Hakuna aliyeuliza jambo ambalo bibi yangu angeuliza kabla ya salamu: mara ya mwisho uliukata lini? Mwasumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Ukiuacha ukajirefukia tu, miti ile ya zamani inakomaa, inakuwa ngumu, na maua yanatoka machache kule kwenye ncha, au hayatoki kabisa. Kwetu baada ya msimu mkubwa wa maua tunaukata bila huruma, tunabakisha kama theluthi moja. Hupita wiki kadhaa unaonekana kama umekufa, halafu machipukizi yanatoka pande zote, na kwenye ncha ya kila chipukizi unaona matumba matatu matatu. Hapo ndipo utahitaji sindano na uzi.

Tena usingoje kuvuna wakati umeshachanua. Matumba huchumwa alasiri, yale meupe yaliyojaa ambayo kesho yake hayatakuwepo. Ya kijani yaache. Ukiyatunga saa kumi na moja, yatafunguka usiku yakiwa shingoni au kwenye nywele. Ukichuma yaliyokwisha kufunguka, kabla hujamaliza kutunga yamelegea.

#7 Mhandisi_Kijani
BintiKibokoni yuko sahihi kuhusu kukata, na naongezea. Madurai, kusini mwa India, ndiko kunakolimwa asumini hii hii kibiashara. Maua yao yanajulikana kiasi kwamba mwaka 2013 yalisajiliwa rasmi kama zao linalotambulika kwa jina la mahali. Wakulima wa huko huupogoa mti kuelekea mwisho wa mwaka, Novemba na Desemba, wakabakisha vichaka vifupi vya kama nusu mita. Maua yanaanza kumiminika joto linapopanda, kuanzia Machi. Matumba wanayachuma alfajiri na mapema ili yafike sokoni kabla hayajafunguka.

Ila kabla ya kukata huupunguzia mti maji. Mama Nuru anamwagilia kila siku. Mmea ukipata kila kitu kila siku hauoni sababu ya kubadilisha kazi.

#8 KitaluChaMzee
#7 asante kwa kuthibitisha nilichosema: amezidisha chakula. Maji na samadi ni shauri lilelile.

#9 BintiKibokoni
Yeye amethibitisha nilichosema mimi, baba. Soma tena.

#10 Mswahili_Maskati
Salaam. Hili la "jua masaa sita" lisichukuliwe kama aya. Niko Maskati. Hapa kiangazi joto linapita nyuzi 40, na jua la mchana linaunguza majani ya asumini yakawa kama karatasi iliyochomwa. Ya kwangu nimeiweka upande wa mashariki wa nyumba, inapata jua la asubuhi peke yake, mchana wote iko kivulini. Inachanua vizuri sana. Kwa hiyo masaa matatu ya Tabata si sababu ya kutosha.

#11 Mkulima_Unguja
Ndugu yangu wa Maskati, asubuhi yako na asubuhi ya Tabata si moja. Kwenu mawingu ni mgeni. Dar asubuhi nyingi za kipupwe kuna wingu, na hayo masaa matatu yake yanayokatwa na ghorofa ukiyahesabu vizuri yanabaki nusu. Mimi nasimama kwenye jua.

#12 Mgonja_Toronto
Nawasoma kutoka Toronto, baridi imeanza kubisha hodi. Asumini yangu iko kwenye chungu. Ikifika wakati usiku unashuka chini ya nyuzi 10 naiingiza ndani, na hapo maua ndiyo basi, kwa sababu mwanga wa dirishani majira ya baridi ni hafifu. Majani yanabaki mazuri kabisa! Kiangazi nikiitoa nje kwenye jua refu la huku, inachanua. Maji ninayoipa ni yale yale, mbolea ile ile. Kwangu kinachobadilika ni mwanga na joto tu.

Angalizo kwa walioko Ulaya na Marekani: hewa ya ndani yenye mashine za joto ni kavu, na utitiri mwekundu huja mbio. Geuza jani, ukiona utando mwembamba na vidoa vidogo vya manjano, uoshe mmea wote bafuni, hasa chini ya majani, na urudie kila wiki.

#13 Daktari_wa_Miche
Wakuu, mnatibu mgonjwa ambaye hamjamtambua. Wauza miche wanaita "asumini" kila kitu cheupe kinachonukia. Mama Nuru, fanya mambo mawili.

Tazama jani. Asumini ya kwetu ina jani zima, mviringo wa yai, yakikaa mawili mawili yakitazamana kwenye kikonyo, mara nyingine matatu. Kama jani lako limegawanyika vijani vitano mpaka saba kwenye uti mmoja na matumba ya mwaka jana yalikuwa na rangi ya waridi kwa nje, huo ni mwasumini wa asili ya China unaotambaa. Ule unahitaji baridi ya usiku ili utunge maua, na Dar hutaipata hata ukiomba.

Halafu vunja kikonyo kichanga. Kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, si asumini ya aina yoyote. Ni mmea mwingine wa kutambaa unaouzwa kwa jina hilo, wa jamaa ya mbarika-pori na mizambarau... nilitaka kuandika jamaa ya mioleanda.

#14 Mhandisi_Kijani
Hiyo ya mwisho ndiyo sahihi, jamaa ya oleanda. Mbarika na mzambarau wala hawajuani.

#15 MamaNuru_Tabata
Nimefanya yote. Jani ni zima, yanakaa mawili mawili, utomvu mweupe hakuna. Na yale maua machache ya mwaka jana yalikuwa meupe kabisa, kesho yake yakawa na wekundu wa mbali kabla ya kudondoka.

#16 Daktari_wa_Miche
Basi ni yenyewe. Hiyo tabia ya kugeuka wekundu ikizeeka ni yake. Petali zilikuwa safu moja au zimejazana kama kiwaridi?

#17 MamaNuru_Tabata
Safu moja, kama saba au nane hivi.

#18 Daktari_wa_Miche
Vizuri. Ile ya kujazana ni nzito, inakua polepole na maua yake ni ya kuhesabu. Ya safu moja ndiyo inayozaa kwa wingi. Kwa hiyo mmea si wa kulaumiwa.

#19 Kijana_wa_Handeni
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mama yangu amekataa asumini isipandwe karibu na nyumba, anasema inaita nyoka. Nyie hamuogopi?

#20 Mkulima_Unguja
Harufu haimwiti nyoka. Nyoka ananusa kwa ulimi, anachukua chembe hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilichoko kwenye kaakaa, anatafuta panya, si manukato. Ila mama yako ana hoja kwa njia nyingine. Ua jeupe lenye harufu ya usiku linaita nondo. Nondo na wadudu wengine wanaita mijusi na vyura. Ukiuacha mti ukawa kichaka mpaka chini, panya nao wanaweka makazi. Wote hao ni chakula cha nyoka. Ukiukata kama alivyosema BintiKibokoni, shina likawa wazi na chini pamefagiwa, hana pa kujificha.

#21 Bi_Mtumwapwani
Mwanangu wa Unguja, hayo ya ulimi wa nyoka sijui, lakini tulikatazwa na wazee tusikae chini ya mlangilangi usiku na tusipite na asumini kichwani njiani baada ya magharibi, na si kwa ajili ya nyoka. Tuliheshimu. Leo kila mtu ana sababu ya kitabu.

#22 Chaku_wa_Ilala
Bi Mtumwa, mimi nimeingia hapa kutafuta ua la kumpa mchumba, sasa natoka na nyoka na majini. Nitampelekea mchicha.

#23 Bi_Mtumwapwani
Mpelekee kikuba, wewe mtoto. Asumini, rehani na vipande vya mkadi, vinafungwa pamoja kwa uzi na kurashiwa marashi. Akikikataa na hicho, huyo si mchumba.

#24 Halima_Moshi
Kwani si kuna ile nyingine, kichaka kirefu chenye vijiua vyembamba vya kijani-njano, usiku mtaa mzima unanukia? Hiyo haisumbui hata kidogo kuchanua. Mama Nuru apande hiyo.

#25 Mhandisi_Kijani
Halima, hiyo naijua, na singemshauri mwenye watoto. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na ni ya ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na mnavu. Inazaa vitunda vidogo vyeupe vyenye sumu, na majani yake pia ni sumu. Harufu yake ni kali kiasi kwamba baadhi ya watu wanaumwa kichwa, na wenye pumu wengine hubanwa. Kama unayo, iweke mbali na madirisha ya vyumba vya kulala.

#26 Halima_Moshi
Yangu iko chini ya dirisha la mama mkwe.

#27 Chaku_wa_Ilala
Halima tunakuombea.

#28 Shangazi_Kisauni
Kuna pia lile ua kubwa jeupe la usiku mmoja, mmea wake unaning'inia kama majani mapana yasiyo na umbo, halafu siku hiyo tumba linainuka. Kwetu likikaribia tunaalika majirani. Linafungua saa mbili, saa tatu usiku, ikifika alfajiri limeinamisha kichwa. Hilo nalo kwa wanaoishi ghorofani ni zuri kuliko asumini, halitaki jua kali.

#29 Daktari_wa_Miche
Shangazi, yale unayoyaona majani ni mashina. Ule ni mmea wa jamii ya kakati usio na miiba, kwao Meksiko na jirani zake unaishi juu ya matawi ya miti msituni, ndiyo maana unapenda kivuli chepesi na udongo usiotuamisha maji. Kwa kibaraza cha Mama Nuru ungefaa kweli. Ila kikuba hautoi.

#30 Tanga_Raha
Turudini kwenye asumini, mimi nina shida inayofanana kidogo. Yangu inatoa matumba ila yanageuka zambarau na kudondoka kabla ya kufunguka. Na majani yamekuwa manjano. Naishi karibu na bahari, udongo una vipande vya matumbawe, na maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo.

#31 KitaluChaMzee
Manjano ni njaa. Huyu sasa ndiye anayehitaji samadi.

#32 Mhandisi_Kijani
Si lazima. Tanga_Raha, ni majani yapi yanakuwa manjano? Yakiwa ya zamani, ya chini, KitaluChaMzee yuko sawa, ni naitrojeni au magnesi. Yakiwa machanga ya juu na mishipa yake imebaki kijani, hiyo ni chuma. Chuma kinaweza kuwemo udongoni tele, lakini matumbawe ni chokaa, na kwenye chokaa mizizi haiwezi kukichukua. Asumini inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Samadi utaweka mpaka uchoke. Chimba shimo pana, ondoa udongo ule, jaza mboji na udongo mwekundu wa juu milimani, kinga maji ya mvua kwa ajili yake. Na vyungu vya saruji navyo vinatoa chokaa, hasa vikiwa vipya.

Matumba ya zambarau ni habari nyingine. Pasua moja, utazame ndani.

#33 Tanga_Raha
Ni machanga ya juu, mishipa ya kijani. Nimepasua matumba. Kuna tundu dogo na kiwavi mwembamba ndani, mweupe-kijani. Nimesisimka mwili.

#34 Mhandisi_Kijani
Huyo ni mtoto wa nondo. Wakulima wa India wanamjua vizuri mdudu wa aina hiyo, anakula ua kwa ndani kabla halijafunguka. Chuma matumba yote yenye rangi na yaliyodondoka, yachome au yaloweke kwenye maji ya sabuni. Usiyaache chini ya mti. Kisha nyunyizia dawa ya mwarobaini, jioni, nyuki wakishalala, urudie.

#35 Mkulima_Unguja
Kwa hiyo nondo yuleyule anayekuja kunusa ua, mwanawe anakula tumba?

#36 Mhandisi_Kijani
Si aina moja. Wale wakubwa wenye mrija mrefu wa kunyonya ni wageni tu, huyu mdogo ndiye mwizi.

#37 Njeri_Ruiru
Niaje watu wa maua. Huku kwetu juu, Ruiru, asumini ya Mombasa nimepanda na bado inakaa tu. Haikufi, haichanui. Jua iko, nimekata, mbolea sijaweka nyingi. Mnanielezaje?

#38 BintiKibokoni
Pole dada yangu. Umeichukua pwani ukaipeleka kwenye baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Ruiru ni hapo hapo. Usiku wa Julai mtu anavaa sweta, asumini itavaa nini?

#39 Daktari_wa_Miche
Njeri, wewe ndiye unayefaa ile ya kutambaa niliyoitaja kwenye #13, ya jani lililogawanyika. Baridi ya usiku inayomzuia huyu ndiyo inayompa maua yule. Kama unaitaka ya pwani kwa moyo wote, iweke kwenye chungu cheusi mbele ya ukuta unaotazama kaskazini. Kuanzia Machi-Aprili hadi Septemba jua linapita upande huo kwetu, kwa hiyo ukuta unapokea joto la mchana na kulitoa usiku.

#40 Njeri_Ruiru
Sawa, nashukuru. Nitajaribu zote mbili nione itakuwaje.

#41 Fundi_Umeme_Mbezi
Hakuna aliyetaja taa. Mama Nuru, kibarazani kuna taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha? Nimefunga taa za namna hiyo nyumba nyingi, na mimea iliyo chini yake hubadilika tabia. Mmea nao unahitaji kujua usiku umeingia.

#42 MamaNuru_Tabata
Ipo. Tuliiweka ghorofa lilipoanza kujengwa, kwa sababu mafundi walikuwa wanalala pale.

#43 Mkulima_Unguja
Taa! Misikiti yetu ina taa usiku kucha na asumini zimepandwa uani, zinachanua.

#44 Fundi_Umeme_Mbezi
Taa ya msikiti iko mita ngapi kutoka kwenye mti? Yake iko juu ya ndoo. Ipo mimea ambayo mwanga kidogo wa usiku unaivuruga kuchanua, wakulima wa maua ya kusafirisha nje wanawasha taa makusudi ili kuchelewesha krisanthimu.

#45 Mhandisi_Kijani
Krisanthimu ni kweli, inasubiri usiku mrefu. Lakini huwezi kuihamishia asumini tabia ya krisanthimu hivi hivi. Madurai inachanua siku zinaporefuka. Zima taa kama unataka kupunguza bili ya umeme, ila mimi sitaweka dau hapo.

#46 Mzawa_Ngazija
Naingia kuchangia kuhusu mlangilangi aliotaja Bi Mtumwa, maana unapuuzwa. Komoro tunaishi kwa mti huo na karafuu na vanila. Ukiachwa unakuwa mti mrefu, zaidi ya mita kumi, na maua huyafikii. Mashambani tunaukata kichwa ukiwa mchanga na kuyainamisha matawi, unabaki kimo cha mtu, umejikunja kama mzee mwenye yabisi. Maua yanaanza kijani, yanaiva yakiwa manjano, na huchumwa alfajiri kabla jua halijaondoka na mafuta yake, siku hiyo hiyo yakapelekwa kukenekwa, yaani kuvukizwa ili yatoe mafuta. Nyumbani nao unaweza kuufanya hivyo. Mpe nafasi tu, mbali na ukuta.

#47 Bi_Mtumwapwani
Ahsante mwanangu wa Ngazija. Huyu naye kaleta sababu ya kitabu lakini kaileta kwa adabu.

#48 MamaNuru_Tabata
Nimesoma yote mara mbili na baba Nuru kasoma pia. Tumeamua hivi: leo jioni nimeukata, nimebakisha theluthi. Samadi nimesimamisha. Maji nitatia udongo ukikauka mpaka kwenye kifundo cha kwanza cha kidole. Kesho vijana watanisaidia kuipandisha ndoo juu ya paa bapa la choo cha nje, pale jua linakaa toka asubuhi hadi alasiri. Na taa haipo huko.

#49 KitaluChaMzee
Hongera. Lakini umebadilisha vitu vitano kwa siku moja. Ukichanua, nani atajua ilikuwa samadi?

#50 BintiKibokoni
Ukichanua mwezi wa kumi na mbili atajua ulikatwa.

#51 Mkulima_Unguja
Mmepitwa. Amesema "jua toka asubuhi hadi alasiri". Hayo mengine ni salamu.

#52 Mgonja_Toronto
Na mwezi wa kumi na mbili joto la kaskazi litakuwa limeingia. Mngoje wote.

#53 Daktari_wa_Miche
Mama Nuru, usiipandishe kesho moja kwa moja. Mmea uliozoea kivuli ukiutoa ghafla juani, gome na majani yaliyobaki yanaungua. Uweke siku chache chini ya wavu au pembeni mwa bapa, kisha usogeze. Na plastiki nyeusi juu ya saruji inachemka, inua ndoo kwa matofali mawili upepo upite chini.

#54 MamaNuru_Tabata
Nimekuelewa daktari. Na haya matawi niliyokata, yamejaa beseni zima. Naweza kupanda?

#55 KitaluChaMzee
Usitupe hata moja. Achana na ncha laini na achana na mti mgumu wa kahawia. Chukua sehemu ya katikati, inayopinda bila kuvunjika. Kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, chini ya kifundo kabisa. Ondoa majani ya chini, yabakishe mawili ya juu na uyakate nusu. Chomeka kwenye mchanga mchanganyiko na mboji, vifundo viwili vizame, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kivulini. Usivivute kuangalia mizizi.

#56 BintiKibokoni
Vipandikizi vitaoza nusu, hasa ukiloweka sana. Njia ya bibi ni kulilaza tawi refu likiwa bado kwenye mama yake, unalikwangua kidogo chini ya kifundo, unalifukia kwenye kopo la udongo na kuliwekea jiwe. Likishika mizizi ndipo unalikata. Halijui hata kama limehama.

#57 KitaluChaMzee
Matawi ameshayakata, binti. Yako kwenye beseni.

#58 Tanga_Raha
Mama Nuru, likibaki la ziada nitumie kwa basi la Tanga, nitalipia. Funga kwenye gazeti bichi, halafu mfuko, usilifunge kinywa chote. Udongo mwekundu nimeshaupata.

#59 Chaku_wa_Ilala
Na mimi nipo Ilala, basi silihitaji. Nakuja na beseni langu.